Mwimbaji Asiye na Jina kwenye Santuri ya Mbwa

Kazi yangu siku hizi ni ya kukaa. Kwa miaka ishirini na ushei nilisimama nyuma ya mikisa, fundi mitambo wa bendi za dansi na baadaye wa maharusi, mpaka magoti yakachoka kabla ya masikio. Nikafungua kibanda Ngamiani, hapa Tanga. Watu huniletea kanda za harusi, kanda za mawaidha, kanda ambazo marehemu baba alijirekodi akiwasalimu nduguze kutoka Muscat, nami nazihamishia kwenye flashi. Santuri ni chache, na zikija huwa zile ndogo za bendi za hapahapa, Atomic na Jamhuri, zimekwaruzika hadi sindano inaruka kama mbuzi.

Mwaka juzi akaingia bi mkubwa mmoja, nyuma yake kijana wa bodaboda kabeba sanduku la mbao lililofungwa kwa kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayeamsha santuri?"

Nikamwambia huwa najaribu.

Baba yake alikuwa mpishi wa meneja mmoja wa shamba la mkonge, enzi za mkoloni. Meneja aliporudi kwao alimwachia gramafoni ya kutia ufunguo na santuri kumi na moja. Gramafoni ilikufa zamani, springi ilikatika na hakupatikana wa kuitengeneza. Santuri nne zilivunjika katika kuhamahama. Saba ndizo zilizokuwa sandukuni, na bibi alizitaka zote, hata ile yenye ufa. "Baba alikuwa akizipiga Jumapili jioni," alisema. "Sisi hatukujua wanaimba nini. Santuri za mbwa, tukiziita hivyo tu."

Za mbwa kweli: katikati yule mbwa mweupe ameinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni, alama ya kampuni ya HMV. Santuri za aina hii huzunguka mara 78 kwa dakika, ni nzito kama sahani za udongo na huvunjika vilevile. Sindano ya kawaida huzama chini ya mfereji wake na kuchota uchafu wa miaka tisini, kwa hiyo lazima uwe na sindano pana. Ninayo moja. Naitunza kuliko meno yangu.

Nilizisafisha kwa maji na sabuni kidogo (spiriti usiguse, itaila), nikaanza na ile iliyokuwa nzima kuliko zote. Kwanza ikaja bendi: fidla, saksafoni laini, mwendo wa kucheza wawiliwawili bila haraka. Ikacheza wimbo mzima bila mtu kufungua mdomo. Nikawa nimeshaanza kufikiri mambo mengine. Halafu, kama mtu aliyekuwa amekaa pembeni muda wote akaamua kusema, akaingia mwanaume.

Niseme nilichotarajia. Waimbaji wa santuri kongwe hupiga kelele. Husimama kifua mbele na kukurushia maneno kama wanakuita kutoka ng'ambo ya mto. Huyu hakupiga kelele. Alikuwa karibu. Sauti nyepesi, yenye unyevunyevu kidogo, inaachia mwisho wa neno kama mtu anavyoachia mkono wa mwenzake, taratibu. Aliimba mzunguko mmoja, akanyamaza, bendi ikamalizia. Nikarudisha sindano. Nikarudisha tena. Bi mkubwa akaniuliza kama imeharibika.

Nikasoma lebo. Jina la wimbo, Goodnight, Sweetheart. Jina la bendi, New Mayfair Dance Orchestra. Chini yake maneno madogo ya Kiingereza yakieleza tu kwamba ndani yake mna kipande cha kuimbwa. Nani anaimba? Haikuandikwa.

Simu ilinipa jibu kwa dakika mbili: Al Bowlly, amerekodi Februari 1931, London, chini ya kiongozi wa bendi Ray Noble, ambaye pia ni mmoja wa watunzi wa wimbo wenyewe. Nikasoma mstari uliofuata nikakaa chini. Alizaliwa Lourenço Marques. Maputo ya leo. Baba Mgiriki, mama Mlebanoni.

Sisemi kwamba ni mtu wetu. Maputo si Uswahilini, na yeye alikulia Johannesburg, mtoto wa wahamiaji upande wa weupe wa nchi ile. Lakini bahari ni hii hii. Mtu wa kwanza kuniingia sikioni katika muziki ule wote wa bendi kubwa za Wazungu, ambao kwangu ulikuwa Sinatra na kofia yake na basi, alifungulia macho kwenye maji haya haya ninayoyaona nikitoka nje kununua kashata.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfuata, na wenzake pamoja naye. Kilichonishika ni maiki kuliko hata nyimbo zenyewe.

Mpaka mwaka 1925 hivi, kurekodi kulifanyika bila umeme. Mwimbaji aliingiza uso kwenye pembe kubwa na kupaza sauti kiasi cha kuitikisa sindano iliyochonga nta upande wa pili. Mwenye mapafu ndiye aliyeishi. Ukumbini nako vilevile, lazima akusikie aliyekaa kiti cha mwisho, na Rudy Vallée wa Marekani alijulikana kwa kuimbia kwenye parapanda ya bati, maana sauti yake peke yake haikufika. Kisha ikaja maikrofoni, na ghafla mtu mwenye sauti ya mazungumzo akaweza kusimama mbele ya tarumbeta kumi na kusikika. Bing Crosby, mwimbaji wa Marekani aliyeanza na bendi ya Paul Whiteman mwaka 1926, alilielewa hilo mapema kuliko wengi. Huna haja ya kuuimbia ukumbi, mwimbie mtu mmoja.

Hii inaonekana rahisi mpaka ufanye kazi na waimbaji. Ninaowajua mimi ni wa aina mbili, wanaoiogopa maiki na wanaoitafuna. Wa pili ndio wengi. Ukiisogelea sana besi inavimba, herufi p na b zinapiga kofi, s inafoka, na pumzi yako, ambayo ulidhani ni siri yako, inatoka kwenye spika zote nane. Ukiikimbia, fundi anapandisha sauti, maiki inaanza kulia, na anayelaumiwa ni fundi. (Mwenye ukumbi mmoja aliwahi kunikata nusu ya malipo kwa usiku ambao mwimbaji wake aliimba ameshika maiki usawa wa kitovu. Yamepita.) Sasa msikilize Bowlly. Herufi zake ngumu amezifuta makali. Pumzi zipo lakini hazina fujo. Huyu alijua hasa kile chuma kilichokuwa mbele yake kinasikia nini, wakati ambapo kilikuwa kitu kipya na hapakuwa na wa kumfundisha. Mwaka 1934 alitoa hata kitabu kidogo cha kufundisha uimbaji wa namna hiyo.

Si wote waliofurahi. Uimbaji huu wa kunong'ona ulionekana ni wa aibu kwa mwanaume. Januari 1932 Kardinali William O'Connell, askofu mkuu wa Boston, aliwashambulia hadharani waimbaji wa aina hiyo kwamba wanaharibu watu. BBC nayo, mwaka 1942, katikati ya vita, iliweka sera ya kutorusha hewani wanaume wenye kuimba kilegevu. Naelewa walichokiogopa. Mwanaume anayepiga kelele jukwaani unamjua yuko wapi. Anayenong'ona redioni yuko chumbani kwako, karibu na mkeo.

Maisha ya Bowlly kabla ya hapo ni ya mtu wa njiani. Kinyozi Johannesburg. Halafu, miaka ya kati ya 1920, mwanamuziki katika bendi ya Edgar Adeler iliyozunguka kusini mwa Afrika, India, hadi visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Huko Surabaya akagombana na Adeler na kufukuzwa, maelfu ya maili kutoka kwao. Akapata kibarua na bendi nyingine India na Singapore, akafika Ujerumani, akarekodi santuri yake ya kwanza Berlin mwaka 1927, na 1928 akaingia London. Mdororo wa uchumi wa 1929 ukamwachisha kazi, akaimba barabarani kwa miezi kadhaa apate cha kula. Mwisho wa 1930 Noble akamchukua studio, na mwaka uliofuata Roy Fox akamweka jukwaani katika mkahawa wa Monseigneur, Piccadilly. Ndani ya miaka minne akarekodi nyimbo zaidi ya 500.

Mia tano! Nyingi ni takataka, nisidanganye. Aliimba alichopewa: nyimbo za mvua, nyimbo za mwezi, nyimbo za kuchekesha ambazo hazichekeshi. Lakini hata kwenye takataka anaimba kama anaamini. Noble alisimulia kwamba mara nyingi alimwona akiondoka mbele ya maikrofoni machozi yakimlenga.

Na jina lake halipo kwenye santuri ya bi mkubwa. Hilo lilinisumbua, kwa sababu najua santuri nyingine za mbwa. Mwaka 1928, mwaka huohuo Bowlly alipoingia London, Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni hiyohiyo, na santuri zake zilibeba jina lake. Mwanamke wa Fumba aliyewahi kutembeza vyungu, jina kwenye lebo. Mwanaume wa Piccadilly, hakuna. Kwa nini?

Kwa sababu santuri ya Siti ilinunuliwa kwa ajili ya Siti. Santuri ya Bowlly ilinunuliwa kwa ajili ya miguu. Dansi ndilo lililokuwa bidhaa: mwendo gani, wimbo gani, bendi ya nani. Mwimbaji alikuwa mmoja wa ala. Alikaa kwenye kiti pembeni mwa jukwaa, zamu yake ikifika anainuka, anaimba mzunguko mmoja, anarudi kukaa. Fundi wa bendi za hapa haoni ajabu yoyote. Santuri za akina Atomic mara nyingi ziliuzwa kwa jina la bendi, na mwimbaji ulimtambua kwa masikio au kwa kubishana na wenzako kijiweni.

Mambo yalipinduka Marekani, na yalipinduka upesi. Frank Sinatra wa Hoboken, New Jersey, naye alianza kama ala. Harry James, kiongozi wa bendi, alimchukua mwaka 1939 kutoka kwenye kilabu cha njiani kiitwacho Rustic Cabin, kule Englewood Cliffs, na Januari 1940 akahamia kwa Tommy Dorsey, mpiga tromboni. Wengi wanajua kwamba alijifunza pumzi kwa Dorsey. Alikaa nyuma yake kila usiku akijaribu kuona mtu huyu anavuta hewa saa ngapi, maana tromboni yake ilikwenda na kwenda bila kukatika, hadi akagundua kwamba anaiiba kwa kijitundu pembeni mwa mdomo. Sinatra akaenda kuogelea chini ya maji ili apanue kifua. Nikisikia habari hii namkumbuka maalimu wetu wa chuoni na bakora yake, aliyetufundisha kwamba kuvuta pumzi katikati ya maneno yasiyokatika ni kosa sawa na kukosea herufi. Sinatra hakuwa na bakora, alikuwa na mgongo wa Dorsey. Lakini msikilize anavyounganisha mstari mmoja na unaofuata, pale ambapo mwingine yeyote angepumua, utajua kwamba maalimu angempitisha.

Septemba 1942 akamwacha Dorsey, kwa mkataba mchungu uliompa bosi wake theluthi ya mapato yake ya baadaye. Desemba 30 mwaka huo akapanda jukwaa la Paramount, New York, kama nyongeza tu kwenye onyesho la kiongozi wa bendi Benny Goodman, na wasichana wakapiga mayowe hadi Goodman akashangaa kuna nini. Oktoba 1944 alipolirudia jukwaa hilo, mitaa ya Times Square ilifungika kwa watu.

Katikati ya tarehe hizo kuna jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko mayowe. Agosti 1, 1942, chama cha wanamuziki cha Marekani chini ya James Petrillo kilikataza wanachama wake kurekodi mpaka kampuni za santuri zikubali kuwalipa zaidi. Wapigaji wote wakaweka ala chini. Waimbaji, je? Hawakuhesabiwa kuwa wanamuziki! Kile kiti cha pembeni kilichowadhalilisha ndicho kilichowaokoa. Kampuni zikawarekodi na kwaya za midomo mitupu nyuma yao, bila hata ngoma. Decca ilikubali yaishe Septemba 1943, Victor na Columbia wakashikilia hadi Novemba 1944. Wapigaji waliporudi studio walikuta majina makubwa kwenye lebo ni ya waimbaji, na bendi imeshuka chini, kwa herufi ndogo. Vita navyo vilikuwa vimewachukua vijana wengi wa tarumbeta. Kufikia mwisho wa 1946 viongozi kadhaa wakubwa, Goodman na Dorsey wakiwemo, walizivunja bendi zao.

Kilichofuata ni enzi ya waimbaji, na hiyo ndiyo watu wengi wanayoikumbuka. Crosby aliyechoka kuimba moja kwa moja redioni akaweka dola 50,000 kwenye kampuni changa ya Ampex ili vipindi vyake virekodiwe kwenye utepe wa sumaku. Sisi mafundi wa kanda wote ni wajukuu wa uvivu wake, Mungu amrehemu. Nat King Cole, mpiga kinanda mweusi aliyeanza kuimba ili kuipa bendi yake ya watu watatu ladha, aliuza santuri nyingi kiasi kwamba jengo la duara la kampuni ya santuri ya Capitol, Hollywood, lililofunguliwa 1956, liliitwa nyumba aliyoijenga Nat. Mwaka huohuo, Aprili, alishambuliwa jukwaani Birmingham, Alabama, akiwaimbia Wazungu. Novemba akapewa kipindi chake cha televisheni, na kikafungwa baada ya mwaka mmoja na ushei kwa sababu hakuna kampuni ya kitaifa iliyothubutu kukidhamini. Kwa hiyo hata jina lilikuwa na mipaka yake. Sinatra mwenyewe aliandika mwaka 1965 kwamba waimbaji wengi hawakuwahi kuelewa kuwa maikrofoni ndiyo ala yao. Ningependa sentensi hiyo ibandikwe kwenye ukuta wa kila ukumbi Tanga.

Na Bowlly? Alijaribu Marekani kabla ya yote hayo. Mwaka 1934 yeye na Noble walivuka kwenda New York, Noble akapewa bendi mpya iliyokusanywa na kijana mmoja mpiga tromboni, Glenn Miller, wakapiga juu ghorofani kwenye ukumbi wa Rainbow Room. Lakini London ilikuwa imemsahau aliporudi. Kisha koo. Kijinyama kiliota kwenye nyuzi zake za sauti, na mwaka 1937 ilibidi arudi New York kukatwa. Akapona, kazi zikawa za kuokoteza. Mwaka 1940 aliungana na Jimmy Mesene, gitaa mbili na sauti mbili, wakizunguka kwenye majumba ya sinema.

Usiku wa Aprili 16, 1941 walikuwa High Wycombe, kwenye sinema ya Rex. Waliambiwa wanaweza kulala hukohuko. Bowlly akachagua treni ya mwisho, akarudi kwenye chumba chake karibu na Jermyn Street. Usiku wa manane ndege za Kijerumani zilishusha bomu la mwavuli, likalipuka nje ya jengo. Inasemekana mwili wake haukuwa na jeraha la kuonekana. Mlango wa chumba ulikuwa umeng'oka na kumpiga kichwani. Alizikwa Hanwell, kaburi moja na wengine waliokufa kwa mabomu.

Miezi kumi na tano na ushei baadaye Petrillo akawaambia wapigaji waweke ala chini, na viti vya pembeni vikawa vitupu kwa sababu waliovikalia walikuwa wamesimama mbele.

Bi mkubwa alirudi Alhamisi kuchukua mzigo wake. Nilimpigia ile ya kwanza kwenye spika ndogo ya mezani. Fidla zilipoanza aliinamisha kichwa, si tofauti na yule mbwa, na mwanaume alipoingia akatabasamu kwa upande mmoja.

"Hapo baba alikuwa anaacha kupuliza mluzi," alisema. "Mluzi ulikuwa wa bendi. Huyu alikuwa akimwachia."

Nikamwambia huyu alizaliwa Lourenço Marques.

"Kumbe!" Akafikiri kidogo. "Jina lake nani?"

Nikamtajia. Akalirudia mara mbili, la pili akaliweka irabu mwishoni, Boli. Flashi aliyoileta ilijaa nyimbo za mjukuu, nikampa nyingine kwenye droo yangu. Kila faili nikaliandika jina la wimbo, bendi, mwaka. Bibi akaitoa santuri kwenye jaketi lake la karatasi lililochakaa, akanisogezea jaketi na kalamu ya wino mzito iliyokuwa mezani.

"Niandikie na hapa," alisema. "Herufi kubwa, macho yangu hayafiki."